Bakuli Halirudi Tupu

Mtu wa Harnley hawezi kula kabla hajachungulia kitako cha sahani. Mpeleke hoteli ya fahari kule Columbus, mji mkuu wa jimbo letu la Ohio, mwekee supu mbele yake, utamwona analiinua bakuli taratibu mpaka juu ya kipara, shingo kaipinda, asome limeandikwa nini chini, ndipo ashike kijiko. Wala hatuoni haya. Mji uliolishwa na kiwanda cha vyombo vya udongo kwa miaka themanini uone haya gani?

Lakini Arvilla Teegarden alipita kiasi hata kwetu. Kwenye arusi ya binti wa mchungaji aliinua bakuli la mchuzi akajimwagia gauni zima, na watu walipomkimbilia na vitambaa, yeye katulia tuli, akasema, "Nilijua tu. Si la Ohio."

Mwaka ninaousimulia, 2013, alikuwa na miaka sabini na mmoja. Mpishi mstaafu wa shule, mrefu, viganja vipana, ulimi wembe. Hakuolewa. Aliyethubutu kumuuliza kwa nini alijibiwa kwamba amelisha watoto mia tatu kila siku kwa miaka thelathini na mmoja, sasa wa mia tatu na moja wa nini? Aliishi peke yake kwenye nyumba ya mbao karibu na reli, na nyumba hiyo ilijaa vyombo vya Pettijohn, kile kiwanda chetu kilichofungwa mwaka 1967. Mabakuli ya manjano ya kukandia unga, dogo ndani ya kubwa. Majagi ya kijani ya maziwa. Vyungu vya maharage vya kahawia vyenye mng'aro kama vimepakwa asali, visanduku vya chumvi vya kutundika ukutani, vikopo vya siagi. Vilikaa jikoni, vikakaa ngazini na chini ya kitanda, na vingine alivipanga ndani ya beseni la kuogea, kwa hiyo akitaka kuoga ilibidi kwanza avihamishe vyote. Treni ya makaa ikipita, nyumba nzima ililia kling-kling.

"Wee Arvilla," alikuwa akimwambia rafiki yake Twila Gossett, ambaye naye hukusanya, ila mabirika ya chai tu kwa kuwa ana akili timamu, "iko siku nyumba hii itakuporomokea. Tutakuzika na vigae."

"Afadhali vigae vya Pettijohn kuliko mabirika yako yanayovuja."

"Yanavuja lakini naoga nikitaka!"

Kwenye minada alikuwa na namna yake. Chombo alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza; chenye ufa hujibu kwa sauti ya kukwama, kizima hujibu kwa mlio mrefu. Kisha hupitisha ukucha kwenye mdomo wa chombo kutafuta palipomeguka. Kisha hukigeuza. Akishanunua, hukiroweka siku tatu kwenye dawa ya saluni, ile ya kung'arishia nywele, mpaka madoa ya mafuta ya miaka hamsini yatoke. Na selotepu zote za kitakoni alizibandua kwa ukucha wa dole gumba. Zilimkera.

Selotepu hizo ni desturi yetu. Mtu akifiwa au akiugua, hakuna anayekwenda kwake mikono mitupu, na hakuna chombo kinachoondoka bila jina. Unakata kipande cha selotepu ya karatasi, unaandika jina lako, unabandika chini, ili aliyepelekewa ajue pa kukirudisha. Na kurudisha nako kuna sheria: chombo hakirudi tupu. Weka mayai matatu, weka biskuti, weka hata nyanya mbili za bustanini, lakini weka kitu. Mkono mtupu haulambwi. Utakuta Harnley familia mbili zinarudishiana sufuria moja tangu Vita vya Pili vya Dunia, na hakuna tena anayekumbuka ni ya nani.

Watu walidhani Arvilla anakusanya chapa ya Pettijohn kama wakusanyaji wengine. La. Chapa alikuwa akiitazama, ndiyo, lakini alichokuwa akikitafuta ni mkono wa mama yake.

Mama yake, Zelma, alifanya kazi Pettijohn miaka ishirini na sita, akichora mistari. Bakuli lilizungushwa juu ya gurudumu, yeye akaishika brashi imetulia, mstari ukajizungusha wenyewe. Pale mwisho wa mstari unapokutana na mwanzo wake, hubaki kijimkia cha rangi, kidogo mno. Wachoraji wenzake wote walitumia mkono wa kulia, na mikia yao ilielekea upande mmoja. Zelma alikuwa wa mashoto. Mkia wake ulielekea upande wa pili. Hakuna aliyewahi kulitia jambo hilo maanani isipokuwa binti zake wawili, waliofundishwa na mama yao wenyewe pale mezani jikoni. Katika vyombo mia tatu na arobaini vya Arvilla, arobaini na kimoja vilikuwa na mkia wa mashoto. Hivyo havikukaa kwenye beseni. Vilikaa chumbani kwake, kwenye rafu iliyotazamana na kitanda.

Na hapo palikuwa na nafasi wazi, pana, katikati ya rafu, ambayo Twila aliiona siku ya kwanza na hakuiulizia.

Nafasi hiyo ilikuwa ya bakuli namba tisa, kubwa kuliko yote, la manjano, mistari mitatu ya buluu. Zelma alilinunua kiwandani mwaka wake wa kwanza wa kazi, mwaka 1941. Humo alikanda mikate na tambi. Humo Arvilla alioshwa akiwa mchanga, na dada yake Lodema, mwenye miaka mitano, ndiye aliyekuwa akimimina maji na kikombe, kidogo kidogo, yasimwingie machoni.

Zelma alifariki Februari 1991. Siku ya mazishi wanawake walijaza chakula ukumbi wa chini ya kanisa, na kesho yake, kwa kuwa Arvilla ndiye mpishi, ndiye aliyegawa kilichobaki kwa wagonjwa na wazee. Alikuwa hajalala siku nne. Alipika, akapakua, akabandika majina, akatoa vyombo mlangoni kwa kila aliyepita, na alipofika nyumbani hakukumbuka hata alivyofika.

Wiki iliyofuata wale ndugu wawili walikutana kugawana vitu vya mama. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa bakuli.

"Liko wapi, dada?" Arvilla aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Mwenye ugonjwa wa mabakuli ni nani hapa?"

"Mimi nina ugonjwa, na wewe una mkoba mkubwa."

Lodema alivaa koti lake akaondoka. Mngesema ni hasira za msiba, zitapoa. Hazikupoa, maana Arvilla alilirudia neno lile la mkoba kanisani mbele ya wanawake kumi, na tena dukani, na tena kila alipoulizwa. Lodema Rusk alikuwa mjane aliyeishi kwa kusafisha nyumba za watu. Mtu wa kazi hiyo ukimwita mwizi, umemkata mkono. Mwezi ule nyumba mbili zilimwambia asirudi tena, na hazikusema sababu. Naye akajibu kwa alichokuwa nacho: akatangaza kwamba Arvilla amelificha bakuli na analiuza kwa matajiri wa mjini.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sisi Harnley hatukuchukua jembe, tulichukua upande. Kanisani Arvilla alikaa kushoto penye madirisha, Lodema kulia penye piano. Kwenye chakula cha pamoja palikuwa na saladi mbili za viazi, ya huyu na ya yule, na kila mmoja wetu alijua ale ipi akiwa anatazamwa na nani. Wao wenyewe hawakuonja kamwe cha mwenzake. Ikapita miaka ishirini na miwili.

Basi mwezi wa Mei gazeti likatangaza mnada wa vitu vya marehemu Ovid Kressler, kule juu mlimani. Ovid alikuwa mtu mkimya, fundi wa mashine za shambani. Mke wake, Ilo, alifariki siku chache tu baada ya Zelma, na tangu hapo Ovid hakukanyaga tena kanisani, wala hakumkaribisha mtu ndani. Arvilla na Twila walipanda mlimani asubuhi na mapema, kwa gari la Twila, kabla ya umati.

Turubai lilikuwa limefungwa uani, na chini yake meza ndefu. Arvilla alipita akigonga hiki na kile. Chungu cha maharage kikajibu kwa kukwama. Jagi likajibu vizuri, lakini lilikuwa la kiwanda kingine. Nyuma ya sanduku la mifuniko isiyo na sufuria akaona manjano. Akasukuma sanduku. Mistari mitatu ya buluu.

Akaligonga. Likalia kwa mlio mrefu. Akainama kutafuta mkia, akauona, umeelekea upande wa pili. Miaka ishirini na miwili! Alitaka kupiga ukelele Twila aje. Lakini mtu wa Harnley ni mtu wa Harnley. Kwanza akaligeuza.

Chini palikuwa na selotepu, imegeuka rangi ya chai, na maandishi ya wino wa buluu, herufi kubwa kubwa: ZELMA T. — TAMBI — FEB 19, 1991.

Arvilla alisoma mara moja, akasoma tena. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Na hata kama mwandiko ungekanushwa, ile tarehe haikanushiki. Kwetu mtu huandika jina tu. Anayeandika jina la chakula na tarehe ni mpishi wa shule peke yake, maana wakaguzi wa afya walimzoesha hivyo, na Harnley ilikuwa na mpishi wa shule mmoja. Februari kumi na tisa mama yake alikuwa na siku moja kaburini.

Hapo ikamrudia yote. Theluji mlangoni mwa kanisa. Mwanamume kasimama, kofia mkononi, mkewe mahututi nyumbani, haombi kitu. Na yeye Arvilla, macho yamemvimba, anachukua bakuli lililo karibu, analijaza tambi za kuku, analibandika jina la mwenyewe, yaani jina la mama, kwa mazoea tu, na kumwambia, "Chukua, Ovid. Usijali chombo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Lodema hakuiba kitu.

Nitasema kweli kuhusu alichofanya baada ya hapo, kwa sababu yeye mwenyewe hakukificha. Kitu cha kwanza hakikuwa kulia. Ukucha wa dole gumba ulikwenda wenyewe kwenye ncha ya selotepu, ukaanza kuinua. Dole lile lilikuwa limebandua selotepu mia kadhaa, lilijua kazi yake.

"Umependa hilo?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akashtuka akalilaza bakuli upesi. Alikuwa Corliss, binti wa marehemu, aliyeolewa mbali na hakujua habari za Harnley hata kidogo.

"Baba alikuwa analiweka juu ya friji," Corliss alisema. "Hakuruhusu mtu aliguse. Nilimwambia, baba, jamani, kama si lako si ulirudishe? Akasema haliwezi kurudi tupu, na yeye anajua kukaanga mayai basi. Akasema ngoja ajifunze kuoka japo mkate."

"Akajifunza?"

"Aliunguza jikoni mara mbili!" Corliss akacheka, kisha akapangusa jicho. "Mwaka wa kwanza aliona haya kwamba hajui kupika. Baada ya hapo akaona haya kwamba amechelewa. Ukishachelewa miaka mitano, unaanzia wapi? Masikini baba. Wenyewe walikuwa kina nani, unawajua?"

"Nawajua," Arvilla alisema.

Corliss alipoondoka, Arvilla alifanya ujanja wa zamani wa watu wa mnadani, ambao yeye mwenyewe aliwahi kuwafokea watu kwa kuufanya: alilizika bakuli ndani ya sanduku, chini ya mifuniko, ili asilione mwingine. Sanduku la mifuniko huuzwa dola mbili. Angelinunua, angelipeleka nyumbani, angeliroweka, na selotepu ingekwenda na maji. Kisha angeliweka pale kwenye nafasi yake. Watu wangeuliza alilipata wapi, naye angesema mnadani, na huo ungekuwa ukweli.

Saa nne dalali akapanda jukwaa. Kanali Purdum tunamwita, ingawa hajawahi kuvaa gwanda maishani. Madalali wote wa huku ni makanali. Umati ulikuwa umefika. Na ng'ambo ya turubai, kibao cha kunadia namba themanini na nane mkononi, koti zito mwezi wa Mei, alisimama Lodema. Alikuja kununua chupa za kuhifadhia matunda.

Msaidizi wa Kanali alilinyanyua sanduku la mifuniko, akasikia uzito, akatia mkono. "Aa, Kanali! Humu mna mtu kalala!" Akalitoa bakuli akaliinua juu watu wote walione, mistari inang'aa juani. "Hili peke yake!"

Arvilla alimtazama dada yake. Lodema alikuwa akiongea na mtu. Akanyamaza katikati ya neno. Mtoto wa Zelma naye. Kutoka pale aliposimama asingeweza kuuona mkia, lakini bakuli uliloogeshea mdogo wako huwezi kulisahau.

"Kumi, kumi, nani kumi, nimepata kumi, ishirini, nipe ishirini!" Kanali aliimba. Wafanyabiashara wawili walipanda mpaka sitini, wakatikisa vichwa. Wakabaki kibao namba kumi na mbili, cha Arvilla, na kibao namba themanini na nane. Mnada mzima ukageuza shingo mara huku, mara kule. Mtu mmoja aliacha kutafuna soseji yake. Bakuli gani lile, kila mtu alishajua.

Mia. Mia na hamsini. Mia mbili.

"Mwenzangu, una wazimu?" Twila alinong'ona. "Hilo halizidi dola sitini."

"Nyamaza, Twila."

Arvilla alikuwa akiinua kibao kwa hofu tupu. Kama Lodema atalipata, atafanya nini kwanza? Ataligeuza. Hakuna mtu wa Harnley asiyegeuza. Mia mbili na hamsini, Arvilla. Mia mbili na themanini, Lodema. Mia tatu, Arvilla.

Hapo Lodema aliinamisha kichwa akafungua pochi yake. Hakuwa akitoa hela. Alikuwa anazihesabu mle mle ndani, kwa ncha za vidole, midomo inacheza, vidole vimekakamaa kwa miaka ya maji ya sabuni. Alipoinua uso, alikuwa mwekundu. Akainua kibao.

"Mia tatu na kumi kwa mama yule!" Kanali akamgeukia Arvilla. "Mia tatu na ishirini? Usimwachie, dada! Ishirini?"

Arvilla alikuwa nazo. Alikuwa na mia nane kwenye mkoba. Akazikumbuka zile nyumba mbili zilizomwambia Lodema asirudi. Akamwona alivyosimama, mzee wa miaka sabini na sita, anatoa hela ya mafuta ya kupashia nyumba joto ili anunue bakuli la mama yake mwenyewe, na anayempandishia bei ni yule aliyelipoteza. Alijiona mbaya. Hakuna neno jingine, na yeye mwenyewe hakutumia jingine. Akakitia kibao chake mkobani, akafunga zipu.

"Nimemaliza," alisema.

"Umesema?"

"Nimesema nimemaliza, Kanali, una masikio ya nini? Mpe dada yangu."

Neno hilo, dada yangu, lilisikika mpaka nyuma ya turubai. Kanali akapiga nyundo upesi kabla mambo hayajabadilika.

Msaidizi alimpelekea Lodema bakuli. Lodema alilipokea kwa mikono miwili, akalikumbatia kidogo, kisha, bila shaka, akaligeuza.

Alisoma muda mrefu. Arvilla alipita katikati ya viti, watu wakimpisha, mpaka akasimama mbele yake. Hawakuwa wamesimama karibu hivyo tangu siku ile ya mkoba. Lodema alikuwa amefupika.

"Mwandiko wa nani huu?" Lodema aliuliza.

"Wangu."

"Na tarehe hii?"

"Kesho yake ya mazishi. Nilimpa Ovid nikasahau. Haki ya Mungu nilisahau, dada, sikumbuki hata nilivyofika nyumbani siku ile. Leo asubuhi ndiyo nimeona."

"Umeona leo asubuhi. Ndiyo maana ukalifukia kwenye mifuniko."

Arvilla aliitikia kwa kichwa.

"Uliniita mwizi," Lodema alisema, taratibu. "Hukuniita chumbani. Uliniita mbele ya watu."

"Mbele ya watu, ndiyo."

"Basi hawa hapa watu."

Arvilla aligeuka, akaenda jukwaani, akanyoosha mkono. Kanali Purdum, ambaye hajawahi kumpa mtu kipaza sauti chake kwa miaka arobaini, akampa.

"Bakuli hili nililitoa mimi," Arvilla alisema, sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, farasi wa jirani akainua kichwa. "Mimi, kwa mkono wangu, na jina nikaandika. Lodema hakuchukua kitu. Hakuchukua wakati ule wala wakati wowote. Nilimsingizia, na nyinyi mkaniamini. Waliomwachisha kazi wako hapa, nawaona. Na leo nilitaka kulificha tena. Ni hayo tu."

Akarudisha kipaza sauti. Kanali akakohoa, akatazama meza, akasema, "Haya. Sanduku la mifuniko. Nani ataanza na dola moja?"

Lodema alilipa, akalifunga bakuli kwenye koti lake, akaondoka. Chupa za matunda hakuzinunua.

Msitegemee kwamba Jumapili iliyofuata walikaa benchi moja. Walikaa kushoto na kulia vile vile. Jumapili ya pili, vile vile. Tofauti ilikuwa moja: mke wa mwenye duka la dawa, mmoja wa wale walioacha kumwita Lodema kazini, alimfuata nje penye maegesho akamshika mkono, akaongea naye, na Lodema akautoa mkono wake, akasema asante, akaingia ndani ya gari. Arvilla aliona. Usiku hakulala vizuri. Twila alimpelekea pai, akaikuta kesho yake imekauka mezani haijaguswa.

"Unangoja nini?" Twila alimuuliza.

"Singoji kitu."

"Basi kula."

Jumapili ya tatu, Juni tisa, Arvilla alirudi kutoka kanisani akakuta barazani, mbele ya mlango, kitu kimefunikwa kitambaa cha mistari. Akafunua pembeni. Saladi ya viazi, yenye mayai na haradali na vipande vya matango ya achari tamu, imejaa mpaka mdomoni. Chini ya saladi, manjano. Ubavuni, mistari mitatu ya buluu.

Alitazama barabara. Hapakuwa na mtu.

Alilibeba ndani kwa mikono miwili, zito, akasimama katikati ya jikoni. Halafu, mwanamke mzima wa miaka sabini na mmoja, aliliinua bakuli zima na saladi yake mpaka juu ya kichwa, akapinda shingo akachungulia. Kiazi kimoja kilimdondokea begani.

Selotepu ya zamani ilikuwa bado ipo, hata ile ncha aliyoianza kwa ukucha ilikuwa imebanwa tena vizuri. Kando yake palikuwa na mpya, nyeupe, na maandishi ya mtu aliyekuwa akijitahidi kuandika kama mpishi wa shule: LODEMA R. — VIAZI — JUNI 9, 2013.

Arvilla alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, Twila naye alipohadithiwa hakuelewa ipi ilitangulia. Kwetu jina huandikwa kwa sababu moja tu. Linasema chombo hiki kirudishwe kwa nani.

Alikula saladi sahani mbili, amesimama, bila kuvua kofia ya kanisani. Iliyobaki aliihamishia kwenye chombo kingine. Bakuli hakuliweka kwenye dawa ya saluni. Aliliosha kwa maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, asizilowanishe selotepu, akalipangusa, wala hakulipeleka chumbani kwenye ile nafasi. Aliliweka mezani, akatoa unga na mayai sita, akaanza kukanda tambi.